Mawe ya Dodoma na Vitu vya Leo

Dodoma ina makumbusho ya siku nyingi, nayo ni ya mawe. Yamo katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, na mgeni aingiapo huoneshwa miamba na madini ya Tanzania nzima, nchi ambayo nyanda zake za kati zimekalia mwamba mkongwe unaopita umri wa miaka bilioni mbili. Sina ugomvi na mawe hayo. Mwenye macho ya kuyasoma huyasoma kama mwingine asomavyo utenzi. Lakini liko jiwe jingine Dodoma, changa mno, ambalo limegeuza maisha ya watu wa nyanda zile kuliko yote yaliyomo kabatini, na ambalo hakuna alipaye kiingilio ili alitazame. Ni bikoni: kile kipande cha saruji chenye chuma katikati na namba yake, kinachosimikwa na mpima ardhi kwenye pembe ya kiwanja. Tangu mwaka 1973, TANU ilipoamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, ikaundwa kuisimamia kazi hiyo, bikoni zimekuwa zikisonga kutoka mjini kuelekea mashambani, na kila zilipofika, shamba la uwele liligeuka kiwanja.

Swali langu ni kama jiwe la namna hiyo lina haki ya kuwekwa katika makumbusho, na likiwekwa, liingie pamoja na nini. Kazi yangu ni mashairi na tafsiri, si utunzaji wa vitu vya kale. Nalitazama jambo hili kwa jicho la mtu anayeishi kwa maneno, na yamkini ndiyo sababu naona upungufu ambao wenye kazi yao hawaupi uzito.

Tuanze na neno lenyewe. Wazungu wameiita nyumba hiyo kwa jina la miungu wa kike wa Kiyunani. Sisi tumeiita makumbusho, na neno hilo limetokana na kukumbusha, si kukumbuka. Ni tendo la mtu kumtendea mwenziwe. Sasa, mtu wa Chamwino aliyebeba dumu la maji asubuhi hii hahitaji kukumbushwa dumu. Bega lake linalikumbuka. Anayekusanya vitu vya leo hamkusanyii mtu wa leo. Anamfanyia kazi mtu ambaye hajazaliwa, ambaye hatakuwa na bega lililowahi kuuma, na kila asichoandikiwa mtu huyo hatakijua kabisa.

Wako waliokwisha kulifikiria jambo hili. Mwaka 1977 makumbusho ya Uswidi yaliunda umoja ulioitwa Samdok, baada ya kuona kwamba ghala zao zimejaa majembe na vitanda vya wakulima wa karne ya 19 ilhali maisha ya kiwandani na ya nyumba za ghorofa, waliyokuwa wakiishi wao wenyewe, hayamo. Wakagawana kazi: huyu akusanye habari za kilimo, yule za biashara, mwingine za maisha ya nyumbani, na hawakuchukua vitu tu, waliwahoji na kuwapiga picha wenye vitu. Umoja huo ulidumu hadi mwaka 2011. London nako, Jumba la Victoria and Albert lilianza mwaka 2014 utaratibu wa kukusanya kwa haraka vitu vinavyohusika na tukio lililotokea karibuni. Miongoni mwa vya mwanzo ilikuwa suruali ya bei rahisi ya duka la Primark, ya aina iliyoshonwa katika jengo la Rana Plaza, Bangladesh, lililoanguka mwaka 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100. Ukiitazama suruali hiyo bila kuambiwa, ni suruali. Yote yanayoifanya istahili kabati la kioo yamo katika maneno yaliyowekwa kando yake.

Nasi tunao mfano wetu, tena wa zamani kuliko wa Uswidi. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1966, na ndani yake zikajengwa nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania bara, tembe la Wagogo likiwamo. Ulikuwa ukusanyaji wa maisha ya siku zile zile, kwa kuwa mwaka huo maelfu ya Wagogo walikuwa wakilala katika matembe, wakianika nafaka juu ya mapaa yake yaliyo bapa na kuingiza ng'ombe uani usiku. Nalisifu tendo hilo bila kusita. Waliofanya hivyo hawakungoja kitu kife ndipo wakipe heshima, na hilo ni nadra hata leo.

Yaliyofuata ndiyo yanayonisumbua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Operesheni Dodoma. Wagogo waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila mji na tembe lake na malisho yake, walihamishwa wakawekwa katika vijiji vya ujamaa, nyumba kwa safu. Matembe mengi yaliachwa yakabomoka. Ikawa basi kwamba ndani ya muda usiotimia miaka 10 tangu tembe lijengwe Dar es Salaam liwe la kutazamwa, serikali ile ile iliwataka wenye matembe wayaache. Mkono mmoja uliihifadhi nyumba na mwingine ukamtoa mwenyewe. Sisemi hivyo kwa kulaumu siasa ya wakati ule, ambayo imekwisha andikwa na wengi na kwa hasira za kila upande. Nasema kwa sababu habari hii ndiyo habari ya tembe. Nyumba inayosimama Kijitonyama ikiitwa kwa jina la kabila peke yake inasimulia nusu ya kisa, tena nusu iliyo tulivu: hivi ndivyo wanavyojenga Wagogo. Nusu ya pili ingekuwa ni jina la mtu aliyeambiwa ahame, idadi ya siku alizopewa, na vitu alivyobeba.

Hata mvua inashiriki katika hoja hii. Dodoma hupata kwa mwaka milimita 500 na kitu. Dar es Salaam hupita 1,000. Paa la udongo lililo bapa ni akili ya nchi kavu. Ukilileta pwani itakubidi ulikandike upya mara kwa mara, na kila ukandikapo unakuwa umejenga nyumba ya pwani yenye sura ya bara. Mfasiri wa mashairi anaujua msiba huu: vina vyote vimehamia salama, na hali ya hewa imebaki kule.

Kaskazini ya Dodoma, njia ya kwenda Babati, iko Kondoa, na huko katika majabali ya Kolo na jirani zake mna michoro ya kale iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hakuna aliyeyahesabu mapango hayo yote; makadirio ni kati ya 150 na 450. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akinakili michoro, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Watalii huenda kutazama wanyama na watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu. Lakini katika pango la Mongomi wa Kolo wenyeji wana shughuli nyingine: hufika kuomba mvua na kuombea wagonjwa, huchinja, na pombe hunyunyizwa jabalini. Wahifadhi wana hofu, nayo ni hofu ya haki, kwa sababu pombe ikirushwa juu ya mchoro inaufuta. Walakini UNESCO yenyewe ilipoikubali Kondoa ilizihesabu ibada hizo zinazoendelea kuwa sehemu ya thamani ya mahali pale. Kwa hiyo mtunzaji amewekwa penye njia panda ambayo haimo katika vitabu vyake: akimzuia mwenye ibada anaokoa rangi, akimwachia anaokoa sababu ya watu kupajali mahali hapo. Kwangu mimi, kama ningelazimishwa kuchagua, ningemwachia mwenye ibada. Najua wengi watanipinga. Lakini mchoro uliolindwa dhidi ya watu wake umekwisha kuwa kama vile vilivyomo kabatini, ila kabati lake ni kubwa.

Msomaji wa visiwani ataniuliza haya ya bara yanatuhusu nini. Namjibu kwa kanga. British Museum ya London ina kanga za Afrika Mashariki, na nyingi kati yake si za kale hata kidogo. Ni kanga za dukani, za kampeni, za sikukuu. Mwaka 2013 ziliwekwa hadharani katika maonesho ya vitambaa vya Afrika vya siku hizi. Waliozichagua walikuwa na bahati kuliko wanavyodhani, kwa kuwa kanga ni kitu kinachoingia makumbusho kikiwa kinasema. Jina lake limeandikwa juu yake. Hata hivyo, ni mwanamke gani wa Unguja au Mombasa asiyejua kwamba jina la kanga ni nusu ya usemi? Nusu nyingine ni nani amemnunulia nani, ilivaliwa siku gani, na ilipitishwa mbele ya mlango wa nani. Kanga isiyovaliwa, iliyotoka dukani moja kwa moja ikaingia sandukuni, ni shairi ambalo halijasomwa mbele ya mtu. Ikiwa kanga, yenye kinywa, hupoteza nusu ya maneno yake, dumu la plastiki na bikoni vitasema nini?

Hapa namleta mtu ambaye wapenzi wa ushairi wanamjua kwa sababu nyingine. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 upande wa Ihumwa, mashariki ya Dodoma, akafariki mwaka 1969. Tunamkumbuka kwa diwani yake, kwa UKUTA, na kwa ngonjera, ambazo vitabu vyake vilitoka baada ya kufa kwake na vikasomwa shuleni nchi nzima. Sisi wa pwani tumekuwa na tabia ya kumpokea kama mgeni aliyejifunza bahari zetu vizuri, sifa ambayo ina kibri ndani yake. Lakini kabla ya diwani, mwaka 1954, Mnyampala alikuwa amekwisha toa kitabu juu ya historia, mila na desturi za Wagogo wa Tanganyika, nacho kikaja kufasiriwa kwa Kiingereza na mwanahistoria Gregory Maddox mwaka 1995. Nadai kwamba kitabu hicho ndicho makumbusho ya kwanza ya Ugogo, na hadi leo ni bora kuliko yaliyofuata.

Kwa nini nadai hivyo? Kwanza, aliyekusanya alikuwa wa humo humo. Mgogo aliandika habari za Wagogo wakati mambo hayo yalikuwa yakitendeka, na wa kumsahihisha walikuwa hai. Pili, aliandika kwa Kiswahili na si kwa Cigogo, na katika hilo ipo hasara na faida. Alipotoa jambo la kwao katika lugha yao akalitia katika lugha ya nchi, kuna maneno aliyoyaacha nyuma, na mfasiri yeyote anayesoma kitabu kile huhisi mahali palipofungwa mlango. Lakini kwa kufanya hivyo aliwafanyia Wagogo kazi ya makumbusho: aliwatoa mbele ya watu wasiowajua, kwa masharti yake mwenyewe. Mtu asiseme kwamba kitabu si mahali pa vitu. Yapo mambo ambayo hayakuacha kitu cha kuweka kabatini isipokuwa jina. Njaa iliyoipiga Ugogo tangu 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya vita kuu kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, Wagogo waliiita Mtunya. Ni chombo gani utakionesha kwa njaa? Kibuyu kitupu ni kibuyu tu. Jina Mtunya ndilo lililobaki, na Mnyampala alizaliwa mwaka ulioanza.

Sasa tazama Ihumwa na jirani zake leo. Mwezi Julai 2016 serikali ilitangaza kwamba inahamia Dodoma kwa kweli, baada ya miaka 43 ya kuahidi. Mwaka 2017 CDA ilivunjwa, na miongoni mwa sababu zilizotolewa yalikuwamo malalamiko ya wananchi juu ya ardhi. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Mwaka 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba, si mbali na alikozaliwa mshairi. Ikulu mpya ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023, na mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam. Katika miaka isiyofika 10, nchi ya vumbi, mibuyu na uwele imewekewa lami, wizara na viwanja vyenye namba. Haya ndiyo maisha ya leo yanayopita mbele ya macho yetu, na sijui mahali ambapo vitu vyake vinakusanywa kwa mpango.

Wala si vigumu kuvitaja. Tiketi ya karatasi ya treni ya zamani, na simu ambayo ndani yake mna tiketi ya treni mpya. Barua za CDA za kumpa mtu kiwanja, na barua nyingine za kumpa mtu mwingine kiwanja kile kile, kama malalamiko yalivyosema. Beseni la zabibu la muuzaji wa stendi. Zeze lenye nyuzi za waya, ambalo mkusanyaji wa kizamani angelikataa kwa kuwa si la asili, ingawa ndilo linalopigwa. Hukwe Zawose, Mgogo aliyepeleka ilimba na zeze katika majukwaa ya dunia hadi alipofariki mwaka 2003, hakuona aibu kuikuza ilimba kupita alivyoikuta. Chombo hai hubadilika mikononi. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wagogo mwaka 1950, nasi tunamshukuru, lakini mkusanyaji anayekwenda leo Chamwino kutafuta sauti za 1950 hatasikia zinazopigwa leo.

Na lipo neno moja ambalo ningelikusanya kabla ya vitu vyote, nalo ni kupimwa. Sikiliza anavyosema mtu aliyekuwa na shamba pembeni ya mji: nililima, nilipanda, nilivuna, kisha shamba likapimwa. Vitenzi vitatu vyenye mtendaji, halafu cha nne ambacho mtendaji wake hatajwi. Mwanafunzi wa sarufi ataita hiyo kauli ya kutendwa na kuendelea na zoezi. Mimi naona ndani yake historia ya miaka 50 ya mji mkuu. Bikoni bila neno hilo ni saruji. Likiwekwa kando yake, hata mtoto wa mwaka 2080 ataelewa kwamba mahali fulani katikati ya sentensi mtu alitoweka.

Makumbusho ya Taifa wamekuwa na nia ya kujenga Makumbusho ya Marais jijini Dodoma. Sipingi. Gari la Rolls-Royce ambalo Mwalimu Nyerere alilitumia limo katika makumbusho ya Dar es Salaam, na watoto wa shule hulizunguka kwa furaha. Lakini magari ya marais hayako katika hatari ya kusahauliwa. Kitu cha mkubwa hujihifadhi chenyewe, kwa kuwa hakuna athubutuye kukitupa. Hofu yangu ni kwamba Dodoma itapata nyumba nzuri ya kuwaonesha waliohamia na isipate hata chumba cha waliohamishwa.

Bunge nalo lina kitu chake, na hapa pwani ina hisa. Ile fimbo ya heshima inayotangulia mbele ya Spika inaitwa Siwa. Siwa kwetu ni baragumu kubwa ya pembe au ya shaba, iliyopulizwa katika shughuli za wakubwa; za Lamu na Pate ziko leo mikononi mwa makumbusho ya Kenya, na hazipulizwi. Chombo kimebaki pwani kikiwa kimya, na jina lake limepanda hadi Ugogo likawa hai juu ya kitu kingine, kila kikao. Sijaona mfano bora wa jinsi neno na kitu vinavyoweza kuachana njia, wala wa sababu ya kuviandikisha vyote viwili.

Wala tusijisahau tukadhani kuwa jengo kubwa ndilo jawabu. Beit al-Ajaib yetu, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa makumbusho ya fahari, yenye mtepe ulioshonwa kwa kamba ukumbini. Ilifungwa, na tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, sehemu yake ikaanguka na kuua. Makumbusho ya maisha ya leo yanaweza kuanza bila nguzo hata moja. Yanahitaji daftari, mtu anayejua Cigogo na Kirangi pamoja na Kiswahili, na ruhusa ya kukaa uani na kuuliza bila haraka.

Kung'oa bikoni ni kosa kisheria, kwa hiyo mwenye daftari hilo itambidi aombe moja iliyokwisha ondolewa kwa haki, labda pale barabara ilipopanuliwa. Akiipata, aandike vipimo vyake na namba yake, kama wafanyavyo. Kisha aache nafasi pana chini yake: jina la aliyelilima shamba lile, na la mkewe, alilima nini, alilipwa fidia kiasi gani, na lini, alihamia wapi, nani alikuwapo siku ya kupimwa na walisema nini. Na kabla halijaitwa Kitalu na herufi yake, shamba lile Wagogo walikuwa wakiliitaje.